Vibetri vya Mama Mkwe

Siku hizi mbegu za mwanamume zikikosa mbio, hospitali huzitia vibetri, yaani mitokondria, chembe zinazoipa seli nguvu, kutoka mwili wa mwanamke anayelingana naye. Kwa Shekiondo, mashine ilimchagua mama mkwe wake, Bi Mwanahawa.

"Uwii! Mimi na mkwe hata sahani hatuchangii!" alilia Bi Mwanahawa. Lakini akavitoa, maana bintiye Mwantumu alikuwa amengoja mtoto miaka saba.

Leo Mwantumu kalala kliniki, nesi anampima tumbo, na kwenye kioo cha mashine mtoto anaruka kama bisi. Shekiondo kwa furaha akasahau adabu, akamkumbatia mkwewe. Bi Mwanahawa akageukia ukuta, kajifunika kanga, anacheka kwa haya.

"Na vile vibetri, nesi?" aliuliza Mwantumu.

"Yai huvimeza vyote, dada. Vya mgeni havibaki."

"Lakini hivi ni vya mama, na mimi vyangu nimerithi kwake. Yai litajuaje kuwa ni vya mgeni?"

Nesi akamgeuzia kioo. Moyo mdogo uliwaka na kuzima kwenye kioo, kimya kimya. Mwantumu akamtazama mama yake: bado amegeukia ukuta, bado anacheka, na kidole chake kinagonga ukutani sawasawa na moyo ule.