Masharti ya Yunis

"Kazi siachi," Yunis alisema. "Na mtoto baadaye. Kwanza nasoma."

Gabriel alikuwa anachambua miba ya sato. "Sawa," akajibu, akamsogezea minofu upande wake wa sahani.

Walikuwa wamekaa mgahawani pale Bunda, mkabala na duka la dawa alikokuwa anauza Yunis. Huyu binti alikuwa na nia moja tu duniani: kwenda Musoma kusomea uuguzi. Shija, mchumba wake wa kwanza, alitaka mke wa kushinda nyumbani, na Yunis alimwacha siku hiyohiyo. Gabriel alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki kule Iringo, mjini Musoma, hakuwahi kupandisha sauti, na kila sharti alilopewa alilipokea kama chai.

"Mwanaume unamnyoosha mapema," Yunis alimwambia rafiki yake Stellah. "Huyu namwendesha nitakavyo."

"Mbona habishi hata kidogo? Wanaume wa huku wanabishaga."

"Ananipenda, basi."

Wazazi wa Gabriel walikwisha kufa. Alibaki na mama yake mkubwa, Wegesa, mjane aliyeishi kijijini Butiama. Mama huyo hakujaliwa mtoto, lakini ng'ombe alikuwa nao wa kutosha, na ndiye angetoa mahari.

Wegesa alikuja mwenyewe Bunda kumwona binti. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamzungusha, kisha akamgeukia mama yake Yunis. "Wewe ulizaa wa kiume wangapi?"

"Wanne."

Mjane akatabasamu.

"Wazee bwana!" Yunis alicheka baadaye. Gabriel naye akacheka, ila kidogo.

Siku ng'ombe walipofikishwa, baba yake Yunis na Wegesa walienda kuongea nyuma ya zizi, wawili tu. Baba aliporudi hakumtazama binti yake. "Nimepokea," alisema, akaingia ndani.

Asubuhi ya kuondoka, mama alilia mfululizo mpaka gari likafika.

"Mama, sijafa mie. Naolewa tu."

Mama akafungua mdomo aseme kitu. Baba akakohoa. Mama akaufunga, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu hadi gauni likakunjamana.

Njiani, Yunis akatoa sharti la mwisho. "Kwenu tunakaa siku mbili tatu za mila. Halafu unanipeleka Musoma nikaulizie nafasi ya chuo."

"Sawa," Gabriel alisema, akitazama mashamba ya pamba dirishani.

Yunis akaegemea kiti, akafumba macho. Alijiona ameshinda. Wasichana wangapi wa rika lake waliolewa wakiwa wamesikilizwa namna hii?

Walipokelewa kwa vigelegele. Kando ya nyumba ya Wegesa palikuwa na nyumba nyingine, ndogo, ya bati jipya, iliyosakafiwa na kupakwa rangi. Mjane akamshika Yunis mkono, akamwongoza mpaka mlangoni. Kitanda kilikwisha kutandikwa, na chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa.

Yunis akageuka kumtafuta Gabriel. Alikuwa amesimama kulekule kwenye gari, kofia mkononi.

"Njoo tuingie," alimwita. "Si nyumba yetu hii?"

Gabriel hakusogea. Wala hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Wegesa, kama mtu anayengoja kuagizwa.

"Ng'ombe nilitoa mimi, binti. Mume wako ni mimi, na watoto utakaozaa ni wangu," Wegesa alisema kwa upole, bila kuuachia ule mkono. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye gari. "Gabriel, nenda kwanza ukale na mke wako na watoto. Giza likiingia, urudi ufanye kazi niliyokupa."