Nyota Nyeusi za Mwalimu Mughwai

Kitako cha bunduki kilimpata Mwalimu Mughwai mdomoni, akaanguka juu ya vipande vya kioo.

Mgambo walikuwa wamefika pembezoni mwa Ihanja kuwahamishia watu kijiji kipya cha ujamaa. Walipobomoa nyumba yake wakakuta sanduku la vioo. Kila kioo kilijaa nukta nyeusi, chache zimezungushiwa wino mwekundu. Viwili walishavivunja.

"Hizi nini?" aliuliza kamanda wao, Manase.

"Nyota. Ni picha za anga, wataalamu wa ng'ambo wamenikabidhi. Ni negativu, chenye mwanga hutokea cheusi. Zenye duara la wino ni nyota za buluu, zina joto kali kupita zote. Ni adimu sana. Natafuta ziko wapi, ziorodheshwe."

"Nyota nyeusi?"

Mgambo wakacheka. Manase akampiga teke la mbavu. Miaka hiyo Mreno alikuwa akidondosha mabomu huko mpakani kusini, na kila mtu aliambiwa awe macho na majasusi.

"Hii ni ramani. Unamchorea Mreno."

"Ni nyota, ndugu."

Wakamchapa kwa mikanda, kisha kwa fito za nyumba yake mwenyewe. Wakamvunja vidole. Mkewe, Yustina, alikuwa ameshikwa na wanaume wawili.

"Kubali tu, baba Dina," alilia. "Watakuua."

"Ni nyota," Mughwai alisema, akitema jino.

Manase akachoka. Akawaambia vijana wake wamalizie kuvunja vile vioo, kisha akamvuta Yustina kwa nywele mpaka mbele ya mumewe, akamwekea panga shingoni.

Mughwai akafumba macho.

"Basi," alisema. "Ni ramani."

Akaeleza yote kwa sauti ya chini. Duara hili kambi ya jeshi. Hili daraja. Hili ghala la silaha. Manase akashusha panga.

"Acheni hivyo vioo," aliwaamuru mgambo. "Ni ushahidi. Leteni mablanketi, vinakwenda Dar es Salaam pamoja naye."

Yustina akatambaa hadi kwa mumewe, akaanza kumfuta damu kwa kanga.

"Umeniokoa," alinong'ona.

Mughwai hakumtazama. Alikuwa akiangalia sandukuni.

"Kamanda," alisema, "visilazwe. Visimamisheni wima, vikilala vitapasuka."

Mkono wa Yustina ukasimama shavuni pake.