Chumba Kisicho na Ukuta

"Chumba kisicho na ukuta, binti yangu, ni uwanja!"

Profesa aliyesema hayo alibandikwa na wanafunzi wake jina la Mzee Ukuta. Aliisukuma tasnifu kando kama mtu aliyeletewa chai baridi. Miaka mitano ya binti ilikuwa mle ndani. Watahini wengine wawili walikwisha kukubali. Ilibaki sahihi ya mzee tu, na bila hiyo angerudi kwao mikono mitupu, akamweleze mama yake kwamba alikuwa akichungulia minyoo bure.

"Ngoja nieleze tena, mzee," alisema binti. "Kiinitete cha mnyoo, kikiwa bado seli moja, ndani yake mna matone. Upande wa kichwani yanayeyuka, upande wa mkiani yanakusanyika. Huko ndiko yatakakotoka mayai ya kizazi kijacho. Hakuna utando unaoyafunga. Yakigusana, yanaungana yakawa tone moja."

"Na kinachoyazuia yasitawanyike ni nini? Adabu?"

Mtahini mmoja akacheka mpaka akakohoa. Mama mwenyekiti wa kikao hakucheka, aliuliza:

"Huo utando, mzee, wewe umeuona?"

"Nipeni hadubini. Leo mtauona wote."

Binti akaenda chumba cha pili. Akakawia kidogo, akarudi na kioo chembamba kati ya vidole viwili, akakiweka chini ya hadubini iliyokuwa mezani, akapunguza taa, akasogea kando.

Mzee Ukuta akavua miwani, akainama.  

"Ehee! Si huu hapa? Umelizunguka tone zima, mwembamba, unang'aa! Miaka mitano, binti, hujauona?"

"Una hakika, mzee?"

"Kama nilivyo na hakika kwamba una pua. Leteni karatasi."

Akachora tone. Akachora utando, akaukolezea wino mara mbili. Akatia tarehe, akatia sahihi. Kisha akachungulia tena, uso ukakunjamana.

"Mbona kiinitete chenyewe hakigawanyiki?"

"Hicho, mzee, hata ukikingoja mpaka Ijumaa."

"Basi umekiua!" Akavaa miwani, sauti ikalainika, ushindi ulikuwa umemtia huruma. "Usilie, mwanangu. Utaanza upya. Umri unao."

Binti hakuwa analia. Aliupokea ule mchoro kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akahakikisha wino umekauka, akampelekea mama mwenyekiti.

"Minyoo yangu yote iko chumba cha pili, mama, leo sijaigusa," akasema. "Alichokichora mzee ni tone la mafuta ya kupikia, lisilo na utando wowote, ndani ya maji ya bomba."