Nafasi ya Jina

Barua ya kwanza Bwana Mkongwa, meneja, aliichana. "Inazunguka mno. Mjane atalia, kisha atakuja kubisha. Andika aelewe, na akubali."

Dalila, karani wa kiwanda cha sukari, akaandika upya. Akaanza na pole. Akamtaja marehemu Luhende kwa jina, miaka kumi na tisa bila kuchelewa hata siku moja. Mashine iliyomuua hakuitaja. Kisha, kwa sentensi moja tu, akaomba nyumba ya kiwanda irudishwe Ijumaa.

Bi Nyamizi, mjane wa Luhende, hakujua kusoma, kwa hiyo Dalila alimsomea mwenyewe, mkekani, matanga hayajaanuliwa.

"Rudia pale penye jina lake," mjane alisema.

Dalila akarudia.

"Umemsema vizuri, mwanangu. Hata ndugu zake hawakumsema hivi." Akachovya kidole kwenye wino, akakibonyeza chini ya karatasi, halafu akamwita binti yake waanze kufunga vyombo.

Kesho yake asubuhi Bwana Mkongwa aliitazama ile alama ya kidole, akatabasamu.

"Hii ndiyo barua. Toa nakala arobaini. Jina acha wazi."

Dalila akaingiza karatasi safi kwenye mashine ya kupiga chapa. Alipofika penye jina, aliruka nafasi ya vidole vitatu. King'ora kikalia. Wafanyakazi wa zamu wakapanga foleni nje ya dirisha lake kuandikishwa, kama kila siku, na mmoja mmoja wakaanza kumtajia majina yao.