Mkeka Usiosifiwa

Mama Siufaga aliinama, akapitisha vidole juu ya mkeka wa Lagimaina. Kisha akauliza lile swali lake la kila siku: "Wewe mwenyewe unauonaje?"

Lagimaina akajibu kwamba miyaa imelegea ukingoni. Akafumua, akaanza upya. Moyoni alikuwa anatokota.

Alikuwa mtu mzima. Alikulia Auckland, akarudi Samoa kujifunza ususi kwa sababu moja tu: binti yake alikuwa anaolewa, na bibi harusi asiye na mkeka uliosukwa na mama yake ni aibu ya ukoo mzima. Mwalimu wao, Mama Siufaga, alikuwa mke wa chifu. Alisifu watoto wa watu, akasifu sauti zao kanisani, lakini mkeka wa mtu hakuwahi kuusifu. Mara moja tu kauli ilimtoka, akamwambia Vaoita, mwanafunzi mwenzake Lagimaina, kitana chake kinapendeza. Jumapili Lagimaina akakiona kitana kile kichwani mwa mwalimu. Kumbe hapa sifa zinanunuliwa, akajisemea.

Alipomlalamikia shangazi yake, Talaleu, shangazi alicheka. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. We suka."

Akasuka, mwanzoni kwa hasira tu. Baadaye, hata hajui ilianza lini, akawa anaamka na hamu ya kusuka, na kosa analiona kabla hajaulizwa. Lakini shaka haikumtoka: yule mama ana kinyongo.

Siku ya harusi mkeka ulitandazwa mbele ya wageni, laini kama kitambaa. Mama Siufaga akautazama, akauma midomo, akageukia mlangoni.

"Mama, leo usinikimbie," Lagimaina akasema, watu wote wakisikia. "Ni mzuri au si mzuri?"

"Wewe mwenyewe unauonaje?"

"Mimi najua ni mzuri. Nataka nisikie kwako."

Mke wa chifu hawezi kusema uongo mbele ya ukoo wa watu.

"Ni mzuri," akasema, machozi yakimlenga. "Sijaona mwingine kama huu."

Talaleu akafumba macho. Kisha akapiga magoti, akaukunja mkeka, akaupeleka kwa mikono miwili hadi miguuni pa mwalimu.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nilidhani unajua. Hapa kwetu anachokisifu mke wa chifu huwa chake. Miezi yote ile alikuwa anakulindia mkeka wako, mwanangu."