Dozi ya Wake Wenza

Alikuwapo Ngiri mwenye wake wawili, na Bi Mkubwa hakuvumilia mwenzake apewe hata punje ya mtama bila yeye.

Siku moja mkojo ulimchoma Bi Mdogo, na mganga Nungunungu akampa vidonge vya siku saba. Bi Mkubwa, mzima wa afya, akanuna. "Mume wangu, kiingiacho humu hugawanywa."

Ngiri akagawa nusu kwa nusu. Bi Mdogo alipata nafuu, kisha akaungua upya. Haukupita muda, Bi Mkubwa naye mkojo ukamchoma. Nungunungu akawapa vidonge vingine, lakini safari hii havikumfaa yeyote.

"Mliwaonjesha wadudu dawa bila kuwamaliza," akasema Nungunungu. "Sasa wameizoea."

Bi Mkubwa akauliza huku akigugumia kwa maumivu, "Na mwenzangu anaumwa kama mimi?"

"Sawasawa."

Akashusha pumzi. "Afadhali."