Cheupe Pe

Siku tatu fundi rangi alikwangua ukungu mweusi kwenye ukuta wa nyumba yake, mashine ya kuchuja hewa ikinguruma pembeni. Mkewe, mgonjwa wa pumu, alilala chumba cha pili.

Leo alifungua mashine akung'ute uchafu. Kichujio kilikuwa cheupe pe. Alikigusa, kikachakarika: bado kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama kilivyotoka dukani.

Mikono yake mwenyewe ilikuwa myeusi ti.

"Baba watoto," mkewe aliita, pumzi zikikatika, "kimenasa uchafu?"

Alikitazama tena.

"Kimenasa, mama. Mwingi kweli."

"Afadhali," mkewe alisema taratibu. "Basi hewa ni safi. Ni kifua changu tu kimechoka."